Seva ya pamoja inapoganda siku za kodi: tathmini ya huduma ya mafundi wa kompyuta wa Makole, Dodoma

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kutafuta chanzo cha kuganda kwa programu ya biashara iliyowekwa kwenye seva ya mbali, inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Inatolewa na ofisi ndogo ya mafundi wa kompyuta iliyopo Makole, Dodoma mjini, ambayo wateja wake wengi ni wafanyabiashara wa mazao, maduka ya jumla na ofisi za wahasibu. Natoa hukumu yangu mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: huduma ni nzuri, bei yake ni ya haki, na sifa yake kubwa ni kwamba mafundi hawa hawagusi chochote kabla hawajathibitisha ni kitu gani hasa kilichoganda. Zipo kasoro pia, na mojawapo ni nzito, nami nitaieleza bila kuipunguza.

Kampuni ninayoitunzia hesabu hununua mahindi na alizeti, ina ofisi kuu mjini na maghala Kibaigwa na Kondoa. Programu yetu ya uhasibu haimo kwenye kompyuta yoyote ya makarani. Imewekwa kwenye seva ya Windows tuliyoikodi Dar es Salaam, na kila karani huingia humo kwa njia ya kompyuta ya mbali akiwa na jina lake la mtumiaji na nenosiri lake. Kinachosafiri kati ya laptopu ya karani na seva ni picha ya skrini, mibonyezo ya kibodi na mienendo ya kipanya. Vitabu vyenyewe havitoki kwenye seva. Ndiyo maana mpangilio huu unatufaa sana sisi wa mikoa ya kati. Umeme ukikatika Kondoa karani akiwa katikati ya kuandika ankara, faili la hesabu haliharibiki, na akirudi anaikuta ankara yake ilipokuwa. Modemu yenye bando la kawaida inatosha, na laptopu iliyokwisha kutumika inatosha pia.

Udhaifu wake unatoka hapohapo penye faida. Watumiaji wote wanagawana kumbukumbu moja (RAM), kichakataji kimoja na diski moja, kwa hiyo kosa la mmoja linaweza kuwagandisha wote, na wote wakaamini kwamba kila mmoja ana tatizo lake. Wakati mbaya zaidi kwetu ulikuwa kuelekea tarehe 7, siku ya mwisho ya kuwasilisha kodi ya mishahara, na kuelekea tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT. Siku hizo kila karani yumo ndani ya programu, ripoti ndefu zinavutwa, na ghafla dirisha linapauka, juu yake panaandikwa kwamba programu haijibu. Kibaigwa lori limeshapakia na dereva anasubiri ankara. Mjini mhasibu anasubiri jumla ya mauzo. Huwezi kumwambia Mamlaka ya Mapato kwamba skrini ilipauka.

Kabla ya kufika kwa mafundi hawa tulikuwa tunahudumiwa na mtoa huduma mwingine, ambaye dawa yake ilikuwa ileile kila tulipompigia: kuizima seva na kuiwasha upya. Programu ilirudi, sisi tukashukuru, na baada ya muda tukapiga simu tena. Dawa hiyo ina madhara mawili ambayo wateja wengi hawaambiwi. Kwanza, inawatoa watumiaji wote kwa nguvu, wakiwemo wale ambao kazi yao ilikuwa inaendelea vizuri na hawajaihifadhi. Pili, inafuta ushahidi, kwa sababu chanzo cha kuganda huonekana programu ikiwa bado imeganda, na seva ikishawaka upya humkuti tena aliyekuwa anamzuia mwenzake. Alipochoka kuzima na kuwasha, mtoa huduma huyo alisema tatizo ni intaneti, kisha akasema tuongeze kumbukumbu ya seva. Tuliongeza, gharama ya mwezi ikapanda, na kuganda kukabaki palepale.

Siwezi kusema kwamba mtandao hauna makosa kamwe. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na watu wengi Tanzania na nchi jirani walikaa na intaneti dhaifu au bila intaneti kabisa. Tukio kama hilo hubaki vichwani, na naona limewapa baadhi ya mafundi kisingizio cha kudumu. Lakini mtandao mbovu una dalili zake na programu iliyokwama ina dalili zake, na kuzitenganisha ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Hilo ndilo jambo la kwanza nililowaona mafundi wa Makole wakilifanya, na ndilo lililonifanya niwaamini.

Fundi alisubiri programu igande ndipo aanze kazi. Ilipoganda kwa karani wetu wa Kibaigwa, alimpigia simu na kuiweka sauti ya wazi ili nami nisikie.

"Shikamoo mama. Naomba usibonyeze kitu chochote kwanza."

"Marahaba mwanangu. Imeganda tangu nilipofungua ankara, nimeshabonyeza mpaka nimechoka."

"Hapohapo ndani ya seva, fungua Notepad, uandike jina lako. Herufi zinatokea unapoandika, au zinachelewa?"

"Zinatokea vizuri tu."

Fundi akashukuru, kisha akanieleza maana yake. Kama herufi zinatokea mara moja, basi mtandao ni mzima, kikao cha karani, yaani nafasi yake ya kazi aliyofunguliwa ndani ya seva, ni kizima, na kilichokwama ni programu ya uhasibu peke yake. Kama Notepad nayo ingegoma kwake huku makarani wa mjini wakiendelea na kazi, angeutazama mtandao wa Kibaigwa au kikao chake. Kama ingegoma kwa wote, angeitazama seva yenyewe, yaani diski yake, kumbukumbu yake na kinachoishughulisha. Jaribio hili halihitaji kifaa wala nenosiri la msimamizi, na karani yeyote anaweza kulifanya. Tangu siku hiyo limebandikwa ukutani Kibaigwa na Kondoa, na simu za "imeganda" zinakuja zikiwa na maelezo yanayosaidia.

Akaeleza pia kwamba maneno yale ya "haijibu" hayamaanishi kwamba programu imekufa. Kwa kawaida Windows huihesabu programu kuwa haijibu pale dirisha lake linapokaa sekunde 5 bila kushughulikia ujumbe wowote. Ripoti ya mauzo ya mwaka mzima inaweza kuzidi sekunde hizo ikiwa inafanya kazi yake kihalali kabisa. Kabla ya kuiua programu, fundi hufungua kidhibiti cha kazi cha seva (Task Manager) na kutazama kama mchakato wake bado unatumia kichakataji na kusoma diski. Ukiwa unasoma, anamwambia karani asubiri. Ukiwa umetulia kimya, hapo ndipo anauliza unamsubiri nani.

Swali hilo, programu inamsubiri nani, lina jibu ndani ya Windows yenyewe, na nilishangaa kwamba hakuna aliyewahi kutuonesha. Kwenye kichunguzi cha rasilimali (Resource Monitor) kuna mahali pa kuchambua mnyororo wa kusubiriana, ambapo unachagua mchakato uliokwama na unaoneshwa mchakato mwingine unaouzuia. Kwa karani wa Kibaigwa, programu ya uhasibu ilikuwa inamsubiri splwow64.exe. Huo ni mchakato ambao Windows ya biti 64 huutumia pale programu ya biti 32 inapotaka kuchapisha. Kwa maneno mengine, kilichokwamisha ankara yetu kilikuwa printa.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana kisa hiki ndicho kilichotugharimu zaidi, na nina hakika wapo wengine Dodoma na Singida wanaokipata bila kujua. Karani anapoingia kwenye seva ya mbali, printa iliyochomekwa kwenye laptopu yake huletwa ndani ya kikao chake ili aweze kuchapisha kana kwamba seva ipo mezani pake. Windows huipa printa hiyo jina lenye maelezo kwamba imeelekezwa kutoka kwingine, pamoja na namba ya kikao. Leo printa inaweza kuwa na namba 3, kesho karani akiingia upya inakuwa na namba 5. Programu yetu ya uhasibu huhifadhi jina la printa ya ankara mara tu unapoichagua. Kesho yake, karani anapofungua ankara, programu inaitafuta printa yenye namba 3, ambayo haipo tena, na kwa sababu mpangilio wa ukurasa wa ankara unategemea printa, inakaa inaisubiri bila kufungua ukurasa. Karani anaona dirisha limepauka. Anaifunga programu kwa nguvu, anaingia upya, anapewa namba nyingine, na adha inaanza tena. Kumbukumbu ya ziada tuliyoinunua haikuwa na uwezo wowote wa kuiondoa.

Dawa waliyoitoa ilikuwa rahisi na ya kudumu. Waliweka kwenye seva printa moja ya kutengeneza faili la PDF, yenye jina lisilobadilika, wakaifanya kuwa printa ya ankara kwa makarani wote, na wakazima mpangilio unaoiruhusu Windows kubadilisha printa kuu kufuata ile iliyotumika mwisho. Waliruhusu pia printa kuu peke yake ya kila laptopu iingie ndani ya kikao, badala ya kila printa na kila kichapisha lebo kilichowahi kusakinishwa. Ankara sasa inatoka kama PDF, kisha karani anaichapisha. Kuna hatua moja ya ziada, na karani wa Kondoa alilalamika mwanzoni, lakini kugandia kwenye ankara kumekwisha.

Tatizo la pili lilihusu jinsi watu wanavyoondoka kwenye seva. Wengi hubonyeza alama ya kufunga iliyopo juu ya dirisha na kuamini kwamba wametoka. Alama hiyo inakata mawasiliano tu. Kikao kinabaki hai ndani ya seva, programu ya uhasibu ikiwa wazi, kumbukumbu ikiwa imeshikwa, na wakati mwingine rekodi ya mteja ikiwa imefungwa ili mwingine asiihariri. Fundi alituonesha orodha ya watumiaji wa seva saa za jioni, wakati ofisi zote zimefungwa, na ilikuwa imejaa vikao vilivyokatwa lakini visivyotoka. Jina la karani aliyekuwa likizo lilikuwamo, na kikao chake ndicho kilichokuwa kimeshika daftari la akiba ya ghala ambalo watu wa Kibaigwa walikuwa wanashindwa kulifungua. Waliweka kwenye sera za seva muda wa ukomo, hivi kwamba kikao kilichokatwa kikikaa saa kadhaa bila mwenyewe kurudi kinafungwa. Walifanya busara kutoufupisha sana muda huo, kwa sababu Kondoa umeme ukikatika karani anahitaji nafasi ya kurudi na kuikuta kazi yake.

Kuganda kwa wote mchana kulikuwa na sababu ya kawaida zaidi. Nakala rudufu ya seva ilikuwa imepangwa kuanza saa za kazi, na programu ya kuzuia virusi ilikuwa inalikagua faili kubwa la hesabu kila linapoguswa. Diski ikawa na foleni ambayo kila mtumiaji aliihisi. Nakala imehamishiwa usiku, na folda ya hesabu imeondolewa kwenye ukaguzi wa papo kwa papo huku ikiendelea kukaguliwa usiku.

Walichunguza pia mambo ambayo hayakuwa na kosa, na nawasifu kwa kuyaandika kwenye ripoti, kwa kuwa mteja anahitaji kujua kipi kimeshaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Waliangalia toleo la seva, kwa sababu sasisho la usalama la Februari 2025 la Windows Server 2025 lilisababisha vikao vya mbali kuganda muda mfupi baada ya kuunganishwa, kipanya na kibodi vikawa havifanyi kazi hadi mtumiaji akate na kuingia upya, na Microsoft ikalazimika kutoa sasisho la kurekebisha. Yetu ni ya toleo la 2019, hivyo halikutuhusu. Walijaribu kuzima UDP, mojawapo ya njia mbili ambazo data ya kompyuta ya mbali hupitia, kwenye laptopu moja ya Kondoa ili mawasiliano yapite kwa ile nyingine, TCP, pekee, kwa sababu kwenye baadhi ya mitandao skrini hugandia hapo. Kwetu hakukuwa na tofauti, wakairudisha ilivyokuwa. Fundi anayerudisha alichobadilisha baada ya kuona hakisaidii ni fundi wa kumtunza.

Sasa kasoro. Ya kwanza na nzito: mlango namba 3389, unaotumiwa na huduma ya kompyuta ya mbali, ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Mtu yeyote mwenye anwani ya seva angeweza kujaribu manenosiri usiku kucha, na kumbukumbu za matukio zilionesha kwamba majaribio kama hayo yalikuwa yanafanyika. Mafundi waliliona jambo hili na kulitaja, lakini walilitaja kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti, chini ya mapendekezo ya baadaye, kama vile ni suala la kupaka rangi ukuta. Ndani ya seva hiyo mna mishahara, namba za akaunti za benki na namba za simu za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na mimi naamini hata bila sheria tungewiwa hilo na wakulima wetu. Jambo la namna hii lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa ripoti na simu ya siku hiyohiyo. Tulipowabana, walifunga mlango huo na kuweka njia ya siri ya VPN ambayo makarani hupitia kwanza, na kazi hiyo waliifanya vizuri. Lakini tuliwabana sisi.

La pili linafanana na hilo: mwanzoni mwa kazi fundi aliomba nenosiri la msimamizi wa seva kwa ujumbe wa WhatsApp. Nilikataa, nikalitoa kwa mdomo ofisini, na baada ya kazi tulilibadilisha. Ofisi inayoshika funguo za biashara za watu inahitaji utaratibu wake yenyewe wa kupokea funguo hizo, na mteja asiwe ndiye wa kuubuni.

Ripoti yao iliandikwa kwa Kiingereza kizito ambacho makarani hawakuweza kukitumia. Niliomba muhtasari wa Kiswahili nikaupata, mfupi na mzuri, na ndio uliobandikwa ukutani. Ningependa kila mteja aupate bila kuomba. Kuhusu leseni, walitutahadharisha mapema kwamba Windows huipa seva ya vikao vya pamoja siku 120 za neema kabla ya kudai leseni za watumiaji, na kwamba zikiisha watu huzuiwa kuingia. Tahadhari hiyo ilikuwa ya maana, kwa sababu tarehe yetu ilikuwa inakaribia na mtoa huduma wa awali hakuwahi kuitaja.

Bei yao inatozwa kwa kazi, wala haihesabu saa. Wanakubaliana na mteja mapema, wanapokea nusu mwanzoni na nusu baada ya kipindi cha uangalizi ambacho lazima kiguse siku za kodi za mwezi mmoja. Sharti hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu seva yetu haikuwahi kuganda siku tulivu wakati hakuna mtu wa kuihangaisha. Kwa jumla tuliwalipa kiasi kilicho chini ya gharama ya ziada tuliyokuwa tumeshaitoa kwa kumbukumbu ambayo haikusaidia, na tumeomba ipunguzwe kurudi kiwango cha awali.

Kwa biashara yenye karani mmoja na kompyuta moja, huduma hii ni kubwa mno. Fundi wa mtaani anatosha. Kwa yenye matawi Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Singida, na watu wanaoingia kwenye vitabu vilevile kwa wakati mmoja, nawapendekeza kwa moyo mweupe. Ukienda kwao, omba kwa maandishi kwamba usalama wa seva ukaguliwe siku ya kwanza, omba muhtasari wa Kiswahili, na usitume nenosiri kwa simu. Waombe pia mabadiliko yafanyike kati ya tarehe 8 na 18, kodi ya mishahara ikiwa imeshapita na ritani za VAT bado hazijawabana, kisha warudi kuitazama seva kuanzia tarehe 19 makarani wote wakiwa ndani.